Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Radiografia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, wahitimu wenzetu, mabibi na mabwana, habari za mchana.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wengi wanatufahamu kama watu wa kupiga picha: vua shati, vuta pumzi, shikilia hapo hapo. Leo tunaomba tuzungumzie tiba radiolojia, ambamo picha humwongoza daktari kutibu kupitia tundu dogo bila kumpasua mgonjwa.

Tukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo tuliwaona akina mama wenye saratani ya shingo ya kizazi ambao uvimbe umebana mirija inayotoa mkojo kwenye figo. Mkojo ukikosa njia, figo hujaa na kuanza kushindwa kazi, na hapo baadhi ya dawa za saratani huwa hatari kwao. Mama hulazwa kifudifudi, akachomwa ganzi mgongoni. Kwenye skrini ya altrasaundi figo iliyojaa ina weusi katikati, na sindano ni mstari mweupe unaousogelea weusi huo taratibu. Mkojo ukianza kudondoka, waya laini hupitishwa ndani ya sindano, sindano ikachomolewa, na mrija ukafuata juu ya waya ule ule hadi ndani ya figo, ambako ncha yake hujikunja ili usichomoke. Wakati wote mama yuko macho, anazungumza nasi. Mbinu hiyo ya waya ilichapishwa mwaka 1953 na Sven-Ivar Seldinger wa Uswidi, na ndiyo hiyo hiyo hutumika kufikia mishipa ya moyo.

Tunajivunia kwamba tangu mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinafundisha shahada ya uzamili ya tiba radiolojia. Hata hivyo, wagonjwa wengi wa mikoani bado hupewa rufaa ya mbali kwa ajili ya mrija kama huo, wakati altrasaundi hospitalini kwao ipo. Kinachokosekana ni waya, mirija na wataalamu waliofundishwa kuitumia.

Panapotumika eksirei ya mfululizo, yaani picha za eksirei zinazoendelea kuonekana kwenye skrini wakati wa tiba, tunasimama karibu na mionzi. Aproni yenye madini ya risasi, inayotukinga na mionzi hiyo, inaweza kupasuka kwa ndani huku kwa nje ikionekana nzima, hivyo hukaguliwa kwa eksirei. Tumefanya kazi mahali ambapo ukaguzi huo haukufanyika na dozimita, yaani vifaa vya kupima mionzi inayompata mtumishi, hazikutosha.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie kufikisha maombi mawili: vifaa vya tiba radiolojia viingizwe kwenye manunuzi ya hospitali za rufaa za mikoa, na kila mtumishi wa chumba cha mionzi awe na aproni iliyokaguliwa na dozimita yake mwenyewe. Nasi tuko tayari kupangiwa kazi mkoa wowote.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.