Ulilipia nta, ukangoja polishi

"Fundi, umenila." Ndivyo alivyoanza bwana mmoja wa Kizingo, hapa Mombasa, Jumatatu asubuhi, hata salamu hakunipa. Premio yake nyeusi tulikuwa tumeipiga nta wiki mbili nyuma, ikatoka inameremeta. Sasa akiegesha juani anaona vijistari vya mikwaruzo, kama utando wa buibui, vimejaa boneti nzima. Si wa kwanza kuja na lalamiko hilo, na nimechoka kulieleza mlangoni, mmoja mmoja.

Alilipa shilingi 2,500 za nta. Polishi kwetu ni 9,000. Siku ile nilimwambia nta haiondoi mikwaruzo, akanijibu, "Wewe piga tu, bora ing'ae." Nta hukaa juu ya rangi kama mafuta ya nazi juu ya ngozi: inafunika vijistari, inazuia maji na chumvi ya bahari, halafu inakwisha. Polishi inakwangua.

Inakwangua klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50; unywele wako mmoja ni kama 70. Mikwaruzo mingi imo humo, na klia hiyohiyo ndiyo inayolikinga gari lisiliwe na jua. Sisi tunaiparaza mikroni mbili tatu mpaka kingo za mkwaruzo zisawazike. Iliyotoka haioti tena. Kwa hiyo siwashi mashine kabla ya kupita na kipimo cha unene wa rangi bati lote, na nikikuta pamebaki pembamba nakataa kazi, hata uwe na pesa mkononi.

Kipimo hicho kimenigombanisha na watu. Kuna mama alileta gari lililoshuka bandarini miezi michache tu iliyopita, ameapiwa kuwa rangi ni ileile ya kiwandani Japani. Paa likasoma mikroni 115, mlango wa nyuma kushoto 420. Huo ulishapakwa upya, hapana mjadala. Akanikasirikia mimi!

Haya, mbona kando ya barabara wanafanya kwa 1,000? Kwa sababu nta na polishi kwao ni kitambaa kimoja, kimelowa mafuta ya taa. Gari linang'aa mpaka ulipandishe daraja la Nyali, kisha vumbi lote la mji linanasa. Au wanatumia dawa kali ya kusugulia, na sponji ileile ya gari la jana, mchanga umo ndani. Huo utando wa buibui unaoulalamikia umesukwa hukohuko.

Kwetu tunaanza mara baada ya alfajiri, kwa kuwa bati likishachomwa na jua dawa hukauka kabla haijafanya kazi. Tunaosha, kisha tunapitisha ule udongo laini unaong'oa vilivyoganda. (Jijaribie nyumbani: vaa kidoleni ile karatasi ya nailoni ya pakiti ya sigara, upitishe juu ya boneti iliyooshwa. Ukisikia kama msasa, bado ni chafu.) Tunabandika tepu kwenye raba na kingo zote, ndipo mashine ije, raundi mbili au tatu, kwa sponji tofauti. Adhuhuri inatukuta bado tuko mlango wa pili.

Hizo tepu za kingoni watu huzicheka. Kijana mmoja wa Bamburi alizicheka, akaenda kununua dawa na kichwa cha sponji, akakifunga kwenye drili ya kutobolea ukuta. Kwenye kingo klia ni nyembamba zaidi, na drili haina huruma. Alikuja kwangu na boneti yenye mstari mweupe wa praima, ile rangi ya chini kabisa. Sikuwa na la kumfanyia. Fundi wa rangi alimtoza 12,000, na mpaka leo boneti haifanani na fenda.

Mengine ni ya Mombasa yetu. Kinyesi cha kunguru usikikwangue kikavu wala usikiache mpaka jioni. Jua likikioka kinachimba klia, na hapo nta haisaidii kitu. Kiloweshe, subiri, kifute. Maji yawe ya bomba, maana ya kisima yana chumvi na yakikaukia juani yanaacha madoa ya duara ambayo nayo mara nyingi hutoka kwa polishi tu. Na sabuni ya unga wa kufulia iacheni kwenye nguo. Inavua nta kwa kuosha mara mbili tatu, kisha mnasema niliwapaka maji. Ukitumia shampuu ya gari, nta yangu inakaa wiki sita, hata miezi miwili.

Yule bwana wa Kizingo tulipatana. Nimemkatia 1,000 kwenye polishi, si kwamba nilikosea, ila ningemwandikia kwenye risiti kwamba ni nta peke yake, na sikuandika. Sasa naandika. Anakuja Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na nimemsihi asipitie popote kuoshwa njiani.