Laptop ni yako, ila inataka ruhusa ya mtu mwingine

Mama mmoja mwenye steshenari Majengo, hapa Moshi, alituletea sisi mafundi laptop ya mtumba na printa mpya kwenye boksi. Kila akitaka kuiunganisha printa, kioo kinafifia, kisha kinatokea kisanduku chenye jina asilolijua, kikidai neno la siri. "Kaka, risiti hii hapa, nimelipa mwenyewe. Huyu ni nani tena?"

Huyo ni mwenye laptop wa zamani. Windows ina akaunti ya msimamizi (Administrator) na akaunti ya kawaida. Ya kawaida inatosha kuandika barua na kuingia intaneti, lakini kuweka programu inayogusa kompyuta nzima ni lazima msimamizi aridhie. Utaratibu huu wa kuuliza ulikuja na Windows Vista mwaka 2007. Si kirusi, wala laptop haijaharibika.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, washa laptop mbele ya muuzaji. Fungua Settings, ingia Accounts, kisha Your info. Chini ya jina la akaunti utakayopewa pawe pameandikwa Administrator. Pasipoandikwa hivyo, mwambie amalize kazi hiyo hapo hapo.

Ukishanunua, usikubali haraka fundi akikwambia "tupige Windows", yaani aiweke Windows upya. Mara nyingi inasaidia, lakini picha na hesabu za duka zinaweza kufutika zote. Na usiijaribu kwa flashi yenye programu za kuvunja neno la siri. Laptop nyingi za siku hizi zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalolinda mafaili. Ukiichokoza inadai ufunguo wa tarakimu 48, na bila ufunguo huo mafaili yako hatuwezi kuyafungua, na fundi mwingine hawezi.

Kwa yule mama tulianza na simu. Muuzaji alipokea, akataja neno la siri, tukaipandisha akaunti ya mama kuwa ya msimamizi, ya muuzaji tukaifuta. Printa ikatoa karatasi ya kwanza kabla hajamaliza chai.

Zipo zinazotuumiza kichwa: zilizotoka maofisini. Unapiga Windows upya, ikishika intaneti tu inaleta jina la kampuni na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Hiyo mrudishie aliyekuuzia, udai hela yako. Na ikiwa laptop ni ya mwajiri wako, tutakurudisha kwa mtu wa kompyuta wa ofisini kwenu. Kuingia kwenye kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, nasi hatutaki wewe wala fundi wetu aingie matatani.

Tukimaliza tunakuachia akaunti mbili: ya msimamizi, utakayoigusa mara chache, na ya kawaida, ya kazi za kila siku na ya watoto. Kirusi kikiingia kupitia ya kawaida, hakipati kirahisi mamlaka ya kuvuruga kompyuta nzima.

Ukija, beba chaja, risiti na namba ya simu ya aliyekuuzia.