Wauza dawa za "kupandisha kinga" watuulize kwanza

Mhariri,

Nauza viazi soko la Mwanjelwa, na ninaishi na figo ya dada yangu. Soko likichangamka tu, hupita kijana na spika begani akinadi unga wa "kupandisha kinga", na wenzangu wa meza ya pili hunisogezea kikombe: "Mama, kunywa upate nguvu."

Jamani, kinga yangu imeshushwa makusudi! Takrolimasi, dawa ninayomeza asubuhi na jioni ili seli T, askari wa kinga ya mwili, zisiishambulie figo hii, huzuia kimeng'enya kiitwacho kalsinyurini, kinachopitisha taarifa ndani ya seli hizo. Taarifa ikikwama, seli hizo hutoa interlukini-2 kidogo mno, na kemikali hiyo ndiyo pia inayozichochea seli ziitwazo wauaji asilia, zinazosaka seli zenye virusi au saratani. Figo inasalimika, ulinzi unapungua. Ndiyo maana nikipata homa nakimbilia kliniki, na baridi ya Juni huku kwetu haina mzaha.

Tena baadhi ya dawa za mitishamba, hata balungi, huvuruga kiwango cha takrolimasi kwenye damu. Mamlaka husika zizikague spika hizo. Na muuzaji amuulize mteja anatumia dawa gani. Mimi hajaniuliza hata siku moja.

Muuza viazi,
Mwanjelwa, Mbeya