Barua kwa mwanangu anayetaka kutoa figo

Mwanangu Hamisi,

Marahaba. Salamu zako mkeo amenifikishia. Wajukuu zangu hawajambo, wanauliza tu mchele wa Kyela unafika lini.

Baba yako mdogo, ambaye figo zake zimekufa, amenieleza mlivyozungumza. Kwamba ulimpigia ukiwa kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma, ukamwambia ndugu wasihangaike, figo utatoa wewe. Alikuwa ananisimulia huku anacheka, halafu akashindwa kumaliza. Mungu akuzidishie, baba. Sikukatazi. Ila mimi nimestaafu kutoka maabara, na maisha yangu yote nimeshika chupa za mkojo na damu za watu, kwa hiyo neno lako nimelipokea kwa jicho hilo. Hiyo figo unayoitoa, tuipime kwanza.

Maana mkeo ameniambia na jambo jingine. Anasema pale unapoweka leseni na karatasi za mzigo hapakosi diklofenaki ya mgongo, na kwamba unameza asubuhi na jioni safari nzima. Maji hunywi, kwa sababu ukinywa itabidi usimame, na ukishaingia hifadhini pale Mikumi hakuna kushuka kwenye gari.

Sikiliza inavyokuwa. Figo zako mbili zinachuja takriban lita 180 kwa siku, karibu pipa zima la dizeli. Karibu yote inarudishwa mwilini, unakojoa kama lita moja na nusu tu. Kazi hiyo inataka damu iingie kwa msukumo wa kutosha. Mwili ukikaukiwa maji, mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo inabaki wazi kwa msaada wa kemikali ambayo mwili unaitengeneza wenyewe. Diklofenaki na ibuprofeni zinatuliza maumivu kwa kuizuia kemikali hiyo hiyo. Mgongo unapata nafuu, na mishipa ya figo inabana, tena saa ile ile ambayo maji yamepungua. Mtu mzima wa afya akimeza siku moja mbili, figo kwa kawaida inajirudi. Lakini kila safari, mwaka mzima, juani? Na kama una presha na hujijui? Wapo waliokuwa wanatumia vidonge vya presha pamoja na hizo dawa za maumivu, wakapata kuharisha kidogo tu, figo zikasimama ndani ya siku chache.

Mgongo ukikusumbua, meza panado kwa kipimo kilichoandikwa na usizidishe. Mgongo wenyewe upeleke kwa daktari, na kiti cha gari mwambie tajiri akibadilishe. Maji weka chupa karibu, unywe kidogo kidogo, ukojoe Doma kabla ya kuingia hifadhini. Huhitaji kujilazimisha galoni kama wanavyohubiri watu mitandaoni. Mkojo ukiwa wa njano hafifu, inatosha.

Sasa usiniambie "mama, mbona siumwi". Watu wengi walikuja maabara wameshika kiuno, wanasema "nipimeni figo". Wengi wao shida ilikuwa misuli au mifupa ya mgongo. Wenye figo mbovu kweli walikuja na mambo mengine kabisa: mmoja damu imepungua haieleweki kwa nini, mwingine presha haishuki, mwingine anapima afya ya kuanza kazi tu. Figo inayochoka taratibu haina maumivu. Hata kreatinini, ile taka ya misuli tunayoitafuta kwenye damu, inaweza kusomeka vizuri wakati karibu nusu ya uwezo wa figo umeshakwenda. Kuvimba miguu jioni, macho kujaa asubuhi, mwili kuwasha, kichefuchefu, kuamka usiku mara kwa mara kukojoa, mara nyingi huja mambo yakiwa yameshaenda mbali. Baba yako mdogo alianza na kichefuchefu, na sisi wote nyumbani tukasema ni vidonda vya tumbo.

Kinachotangulia mara nyingi ni protini kwenye mkojo. Tulikuwa tunatumbukiza kwenye mkojo kijiti chenye vipande vya rangi, tunakitoa, tunahesabu sekunde. Kile kipande cha protini ni cha njano. Kikibaki njano, mtu anakwenda zake. Kikianza kuwa kijani, unajua chujio limeanza kuvuja. Mtu mwenyewe anaweza kuona povu linalokaa juu ya mkojo bila kuisha, ingawa povu peke yake si ushahidi. Na kijiti hakioni protini ikiwa kidogo sana, kwa hiyo mwenye kisukari au presha aombe kipimo cha albumini ya mkojo, yaani protini hiyo hiyo hata ikiwa kidogo, kila mwaka, hata kama anajisikia mzima.

Kwako hili si la hiari. Baba yako ana presha, na baba yako mdogo kisukari ndicho kilichomla figo. Hayo mawili yanaongoza kwa kuua figo duniani, na sukari ya baba mdogo ilikuwa inapanda na kushuka miaka mingi kabla figo haijasema neno. Wewe tangu upate leseni hujapimwa presha, na chumvi unaimwaga kwenye chipsi kabla hujaonja. Kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate, ya mchuzi na ya supu ya asubuhi.

Tukirudi kwenye ahadi yako. Zamani kupandikiza figo ilikuwa ni India, mpaka Hospitali ya Muhimbili walipoanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma wakafuata 2018. Mgonjwa na mtoaji hawalazimiki tena kupanda ndege. Lakini hawachukui figo ya kila anayejitolea. Watapima kundi la damu, watachanganya damu yako na yake waone kama mwili wake utaikataa, watakupiga picha za figo na mishipa yake, watapima moyo, ini, virusi, sukari. Wakikuta kisukari, au protini kwenye mkojo, wanakurudisha nyumbani. Ukipita, figo inayobaki kwako itakua kidogo na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake, na watoaji wengi wanaishi vizuri. Ila utakuwa mtu wa kupima presha na mkojo kila mwaka mpaka uzee, na diklofenaki utaisahau kabisa. Yeye wataipachika figo yako chini ya tumbo, upande wa nyonga, na zile zake mara nyingi haziondolewi. Halafu atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae, kila siku, bila kuruka. Mkeo naye akae humo ndani ya mazungumzo, usimfanye asikie kwa jirani.

Kwa sasa baba mdogo anaendelea na mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Wamemtengenezea njia ya damu mkono wa kushoto, wameunganisha mshipa unaotoka moyoni na unaorudi. Ukiweka kiganja unasikia mtetemo. Ukija usimvute mkono huo, na muuguzi yeyote akitaka kuupima presha au kuutoboa kuchukua damu ya malaria, mkatae kwa heshima, umpe wa kulia. Anapimwa uzito akiingia na akitoka, ndiyo maana ukimwona anasukutua maji na kuyatema usimwonee huruma ukamjazia glasi. Mkojo wake umebaki kidogo sana, anachokunywa kinabaki mwilini, kinapanda mpaka kwenye mapafu.

Na zawadi zako za njiani, baba. Ndizi na maparachichi ya Rungwe, viazi vya Mbeya, na yale madafu unayomnunulia Chalinze kwa sababu watu wanasema yanasafisha figo. Vyote hivyo vina potasiamu nyingi. Wewe ule, vinakufaa. Yeye figo zake haziwezi kuitoa, inajaa kwenye damu, na ikizidi moyo unasimama ghafla. Mletee vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, kabichi, mchele. Akitamani kiazi, mke wake anakimenya, anakikata vipande vidogo, anakichemsha na maji mengi na kuyamwaga yale maji. Na zile dawa za mitishamba za kwenye chupa, zinazouzwa stendi kwa jina la "tiba ya figo", zisivuke mlango wake. Ipo mimea inayoharibu figo nzima, sembuse iliyokufa.

Ukishusha mzigo Dar usichukue mwingine hapo hapo. Pita Morogoro, nitakupeleka kupima mwenyewe: presha, sukari, kreatinini, na mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwa hiyo ukiamka usiende chooni kabla sijakupa chupa. Diklofenaki iache kuanzia leo. Na usiku wa kuamkia kipimo usisimame kula nyama choma, inapandisha kreatinini ikatudanganya. Nitakupikia mchicha, na chumvi natia mimi.

Mama yako