Mahudhurio ya ibada yasiwe ushahidi dhidi ya wazee wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze jambo ambalo sisi wakazi wa Tabora tunalifahamu vizuri lakini tunaona haya kulisema hadharani, nalo ni jinsi tunavyotumia mahudhurio ya msikitini na kanisani kuamua ni jirani gani wa kuaminiwa na ni jirani gani wa kuogopwa.

Shangazi yangu, mdogo wa marehemu baba, ana umri uliopita miaka sabini. Alibatizwa akiwa mtoto, akaolewa na Mwislamu, akasilimu, akaishi na mumewe katika mashamba ya tumbaku huko Urambo hadi mume alipofariki. Aliporudi mjini akajenga chumba na sebule katika mtaa mmoja wa pembezoni, ambao sitautaja. Hakurudi kanisani, na wala hakuwa mtu wa kuonekana katika visomo vya akina mama. Alikuwa akisali nyumbani kwake. Wanajumuiya wa kanisani wakamhesabu kuwa ni wa Waislamu, akina mama wa Kiislamu wakamhesabu kuwa ameritadi, na hivyo akabaki mtu asiye na upande katika mtaa ambao kila nyumba ina upande wake.

Mwaka jana mtoto wa jirani alifariki kwa homa. Kabla ya arubaini ya mtoto yule kutimia, maneno yalikuwa yamekwisha kuenea kwamba bibi yule ana macho mekundu na kwamba haendi kusali. Asubuhi moja tukakuta alama ya mkaa imechorwa mlangoni pake. Msomaji wa mikoa hii yetu ya Tabora, Shinyanga na Mwanza hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo, kwa maana tumewazika wazee wengi waliouawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya rangi ya macho yao.

Macho ya shangazi ni mekundu kweli. Kwa misimu mingi alichochea moto wa mabani ya kukaushia tumbaku, usiku na mchana, na maisha yake yote amepikia kuni. Nilipompeleka hospitali, daktari alimgeuza kope akaona makovu ya ugonjwa wa vikope, ambao wengine huuita trakoma, na nywele za kope zikiwa zimepindia ndani na kukwaruza jicho kila anapopepesa. Ugonjwa huo unawapata wanawake zaidi ya wanaume kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto wadogo, na watoto ndio wenye kubeba vimelea vyake kwa wingi. Kwa hiyo kinachoitwa dalili ya uchawi mara nyingi ni alama ya mwanamke aliyelea watoto na kupika.

Hata hivyo, Ndugu Mhariri, sikuchukua kalamu kwa ajili ya kueleza macho mekundu, ambayo yamekwisha kuelezwa na wataalamu wengi. Lililonisukuma ni hili: nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi anaishi bibi mwingine wa rika lake, naye aliishi kwenye tumbaku, na macho yake ni mekundu kama ya shangazi, pengine kuzidi. Bibi huyo ni mwimbishaji wa jumuiya na hakosi ibada. Hakuna mtu aliyewahi kumnyooshea kidole. Watu wanapoyaona macho yake husema, "Maskini, moshi umemmaliza." Macho ni yale yale na moshi ni ule ule, lakini mmoja anahurumiwa na mwingine anachorewa mlango, na tofauti pekee ninayoiona baina yao ni kwamba mmoja anaonekana kwenye ibada na mwingine haonekani. Tunadhani tunaona kwanza kisha tunahukumu, kumbe hukumu ilikwisha kutolewa siku mtu alipoacha kufuatana na wenzake, na macho yetu yanakwenda tu kuitafutia sababu.

Mimi mwenyewe sina usafi katika jambo hili. Niliposikia maneno yale, nilimwendea shangazi nikamshauri aanze kwenda mahali popote pa ibada, msikitini au kanisani, ili tu akaonekane. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Nikienda kesho kwa sababu ya maneno ya watu, mwanangu, nitakuwa nimekwenda kwa nani?" Nilikosa jibu. Nimefundisha shule kwa zaidi ya miaka thelathini na sijapata kuulizwa swali lililonikalia moyoni namna hiyo, kwa sababu ushauri wangu ulikuwa umekubali tayari kwamba mtu asiyehudhuria ana kosa la kujitetea.

Siandiki haya kwa kuzidharau jumuiya zetu za dini. Jumuiya ndizo zinazotuuguza na kutuzika, na mjane asiye na mtoto hupata unga na mafuta ya taa kutoka kwao kabla hajapata kwa mtu mwingine yeyote. Lakini mkono huo huo unaosaidia ndio unaoshika daftari la mahudhurio, na jina la asiyefika linaposomwa mbele ya watu wote, wiki baada ya wiki, mtaa mzima unafundishwa nani yumo na nani hayumo. Upande wa msikitini hakuna daftari, ila kila mtu anajua nani hakuonekana Ijumaa. Kisha likitokea baya watu husema "lisemwalo lipo", na methali hiyo inageuka kuwa shahidi, mwendesha mashtaka na hakimu kwa pamoja.

Mji huu una historia iliyo bora kuliko tabia hii. Mwalimu Nyerere alipoingia Shule ya Sekondari Tabora mwaka 1937 alikuwa bado hajabatizwa. Alibatizwa mwaka 1943. Alikuwa Mkatoliki alipowashawishi wajumbe wa chama cha TANU, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, kukubali uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, katika mkutano uliofanyika hapa Tabora mwaka 1958, na walibishana naye kuhusu kura, si kuhusu mahali anaposali. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inasema kufanya ibada ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Baada ya ile ya mwaka 1967, sensa za taifa haziulizi mtu dini yake. Dola imejizuia kuuliza, lakini sisi majirani tunauliza kila siku, na asiyetoa jibu linalotupendeza tunamtilia shaka.

Ninawaomba maimamu, mapadri, wachungaji na viongozi wa jumuiya waache kusoma hadharani majina ya wasiofika, na badala yake wamtume mtu akawatembelee majumbani, maana wazee wengi hawafiki kwa sababu ya magoti na macho. Ninawaomba pia waseme waziwazi mimbarini na altareni kwamba kutohudhuria ibada si dalili ya uchawi. Neno hilo likitoka kwao litasikilizwa kuliko la polisi.

Shangazi sasa anaishi kwangu, akisubiri upasuaji wa kope. Chumba chake kimefungwa na ile alama ya mkaa bado ipo mlangoni. Nimemwomba mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano mbele ya mlango huo, viongozi wa dini zote wakiwepo, na nimekataa kuifuta hadi mkutano huo ufanyike.

Mwalimu mstaafu,
Ng'ambo, Tabora