Kabla hujanunua shokapu

Swahiba Bakari,

Barua yako nimeipata, na pole kwa mgongo. Ulivyoeleza nimecheka peke yangu: eti pikapu ikivuka tuta moja inaitikia mara tatu. Hizo shokapu zimekwisha, hapo hatubishani. Gari lenye shokapu nzima ukilikandamiza kwenye kona ya bodi kisha ukaliachia, linapanda, linashuka, linatulia. Lako linacheza ngoma. Na yale mabonde mabonde kwenye tairi za mbele usimlaumu aliyekuuzia tairi. Gurudumu linadunda badala ya kukanyaga, na tairi inalika kila linapotua.

Lakini hili la kwamba nyuma imelala hata bila mzigo, na kwamba umeshauriwa ununue shokapu nzito ili inyanyuke, hapo nakushika mkono. Shokapu haibebi gari. Inayobeba ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi baada ya shimo. Ndani yake mna pistoni inayosukumana na mafuta kupitia vitundu vidogo, na ule mtikisiko wote unaishia kuwa joto. Ndiyo maana ukiishika baada ya safari ya barabara mbovu, ikiwa nzima, inakuwa ya moto. Iliyokufa inabaki baridi. Kwa hiyo ingia uvunguni uangalie springi kwanza. Huenda yale mabapa ya chuma yaliyopangana yamenyooka, au moja limekatika. Ukifunga shokapu mpya juu ya springi iliyochoka, nyuma itabaki imelala vilevile.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Niliwahi kununua zilizo ngumu kuliko zote dukani, nikijiona mjanja. Nikiwa na mzigo, raha tupu. Nikirudi mtupu, nyuma inarukaruka kama mwanambuzi, na kwenye kona yenye vumbi mkia unataka kutangulia. Sasa hesabu mwenyewe: katika siku saba pikapu yako inabeba mzigo siku ngapi? Uliniandikia mbili. Basi chagua kwa ajili ya zile tano.

Umeuliza pia ununue shokapu za bomba moja au za mabomba mawili, yaani bomba ndani ya bomba. Za bomba moja zinasifiwa, na sifa nyingine ni za kweli: gesi imetengwa na mafuta kabisa, mafuta hayatoi povu, na joto linatoka upesi. Povu ndilo adui, maana pistoni ikipita kwenye povu haishiki kitu, na unahisi gari limelegea ghafla katikati ya safari. Ila pistoni ya bomba moja inateleza kwenye ukuta uleule unaouona kwa nje. Jiwe moja likiubonyeza, kwisha. Kwa njia zako za mawe mimi ningechukua za mabomba mawili zenye gesi ya naitrojeni. La nje likibonyea kidogo, la ndani linaendelea na kazi.

Pima urefu, tafadhali. Aliyekuuzia hiyo pikapu alikuwa ameinyanyua mbele, kwa hiyo usiagize kwa jina la gari na mwaka peke yake. Pima kutoka bolti ya juu hadi ya chini gari likiwa limesimama, kisha gurudumu likining'inia. Ikiwa fupi, kila gurudumu linaponing'inia shokapu ndiyo inayokuwa kamba ya kulizuia, na siku moja itang'oka. Ikiwa ndefu, itajigonga ndani kabla ekseli, ule mhimili wa magurudumu, haijafika kwenye mpira wake wa kuzuia.

Kwa nyuma utakuta pengine moja imekaa mbele ya ekseli na mwenzake nyuma yake. Usidhani kuna fundi aliyekosea. Zimewekwa hivyo ili ekseli isijisokote unapokanyaga mafuta. Soma namba za zote mbili, huenda ya kulia si sawa na ya kushoto. Na nunua jozi, hata kama inayovuja ni moja.

Siku ya kufunga, bolti zimwagie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Mkanda unaoishikilia shokapu mpya usiukate kwa papara. Mara ya kwanza niliukata nikiwa nimelala chali, ikaanza kurefuka yenyewe taratibu mkononi kama konokono anayetoa kichwa, na kuirudisha kulinitoa jasho.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Nilikaza nati zote gari likiwa juu, magurudumu yananing'inia. Gari liliposhushwa, mipira ya bushi, ile inayopitiwa na bolti za shokapu, ikajisokota, ikabaki imesokotwa usiku na mchana. Haikupita muda ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kwenye kila kokoto, nami nikamtukana muuzaji bure. Siku hizi nazishika nati kwa mkono tu, nashusha gari, nalitikisa, ndipo nakaza likiwa limesimama kwa miguu yake.

Niandikie vile vipimo, na ile picha ya springi ya nyuma uipige kwa karibu, mabapa yaonekane yote. Usitoe hela kabla sijaiona. Shemeji msalimie, na umwambie mto wa kukalia asiutoe kwanza.

Wako,
Rajabu