Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2009: Mwaka wa Kwanza wa CHAN

Ndugu wanachama, wazee wetu, na wageni mliofika kutoka Ujiji, Mwandiga na Kibirizi,

Katiba ya chama chetu cha mashabiki inanitaka nisimame mbele yenu kila mwisho wa mwaka nieleze tulichofanya na tulichoshindwa. Mambo ya fedha ataeleza Mhazina, na mahudhurio ya vikao yamo katika kumbukumbu za Katibu. Mimi nimeona sehemu kubwa ya taarifa hii iwe juu ya jambo moja lililoutenga mwaka 2009 na miaka mingine yote tuliyokuwa pamoja, nalo ni kuanza kwa Fainali za Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, ambazo sote tumezoea kuziita CHAN.

Mwanzoni mwa mwaka wapo waliosema katika vikao vyetu kwamba Afrika tayari ina Kombe la Mataifa, na kwamba haya mashindano mapya ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, yangekuwa kama bonanza la kujazia kalenda. Sikuwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameyaona. Kanuni yake ni moja na ni nyepesi kuielewa: timu ni ya taifa, lakini kila mchezaji lazima awe anacheza katika ligi ya nchi yake mwenyewe. Mtanzania aliyesajiliwa Nairobi haruhusiwi, sawa na Mghana aliyesajiliwa London. Fainali za kwanza zilipewa Côte d'Ivoire, timu zikawa 8, na kanda yetu ya Afrika Mashariki na Kati ikatengewa nafasi moja tu. Nafasi hiyo Taifa Stars waliipata kwa kuwatoa Kenya, kisha Uganda, kisha Sudan. Kwa vijana wengi waliopo hapa ilikuwa mara ya kwanza maishani kuiona bendera yetu katika fainali za Afrika, maana mara ya mwisho ilikuwa Lagos mwaka 1980, wakati Leodegar Tenga, ambaye mwaka huu wa 2009 ni Rais wa TFF, shirikisho la soka la nchi yetu, alipokuwa bado anavaa kitambaa cha nahodha.

Mchezo wa kwanza, dhidi ya Senegal, tulifungwa 1-0, na sina mengi ya kusema juu yake. Nataka tukae kidogo kwenye mchezo wa pili, wa tarehe 25 Februari, dhidi ya wenyeji.

Wanachama waliokuwa nami katika banda la video karibu na soko wanakumbuka hali ilivyokuwa. Mabenchi yalijaa mapema, watoto wakakaa chini mbele ya televisheni, na waliokosa nafasi walisimama nje wakichungulia kwenye mianya ya mabati. Umeme ulikatika kabla ya mchezo kuanza, jenereta ikagoma, na kijana mmoja alilazimika kukimbia na dumu hadi kituo cha mafuta huku watu wakisikiliza redio ya simu iliyoshikwa juu ili sauti iwafikie wote. Mshambuliaji wetu Mrisho Ngassa alipofunga, banda lile lilinyanyuka kwa mkupuo mmoja, na mzee mmoja aliyekuwa kando yangu alikaa kimya, akavua kofia, akaiweka magotini. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akikumbuka redio ya mwaka 1980, siku tulipotoka sare ya 1-1 na hawa hawa Côte d'Ivoire kule Nigeria, ambayo ndiyo ilikuwa pointi yetu pekee katika fainali zile. Safari hii tuliwafunga, mbele ya watu wao, bao 1-0.

Tarehe 28 Februari tukaingia kucheza na Zambia tukiwa tumeshika hatima yetu mikononi. Tuliongoza. Kwa kuwa Senegal na wenyeji walitoka suluhu, ushindi ungetupa pointi 6 na uongozi wa kundi, na Zambia wangebaki na pointi 4 na kufunga virago. Dakika za mwisho kabisa Wazambia walisawazisha. Tukamaliza na pointi 4, wao na Senegal wakiwa na 5 kila mmoja, na safari yetu ikaishia hapo. Sijaona banda lile likiondokewa na watu kimya namna ile. Wazee wetu hawakukosa kutukumbusha kwamba mwaka 1979 mshambuliaji wetu Peter Tino aliwafanyia Wazambia jambo hilo hilo kule Ndola, bao la jioni lililotupeleka Lagos, kwa hiyo deni limelipwa. Ni kweli, lakini kuumia tuliumia.

Ndugu wanachama, nimeyafikiria matokeo ya kundi lile mwaka mzima, na jambo linalonirudia zaidi ya kusawazishiwa kwetu ni hali ya wenyeji. Côte d'Ivoire, nchi ya Didier Drogba na Yaya Touré, ilicheza michezo mitatu nyumbani, ikafungwa 3-0 na Zambia, ikafungwa 1-0 na sisi, ikatoka suluhu na Senegal. Pointi moja, bila bao hata moja. Nyota wake wote walikuwa Ulaya, na sheria za mashindano haya haziwatambui. Hapo ndipo nilipoielewa CHAN. Inauliza nchi ina ligi ya namna gani Jumamosi ya kawaida, kwenye uwanja wa kawaida, mbele ya watu wa mtaa wake, na swali hilo halijibiwi na mchezaji mmoja aliyeuzwa kwa mamilioni ya fedha.

Jibu bora zaidi lilitoka ng'ambo ya ziwa letu. Jumapili ya tarehe 8 Machi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliwafunga Ghana 2-0 kwenye fainali mjini Abidjan, mabao ya Kaluyituka na Bedi, wakawa mabingwa wa kwanza wa mashindano haya. Usiku ule nilikuwa mwaloni Kibirizi. Mbalamwezi ilikuwa imekaribia kukamilika, na kama mjuavyo wavuvi wa dagaa hawatoki na karabai zao usiku wa mwanga, kwa hiyo mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani na pwani yote imejaa watu. Wafanyabiashara wa Kalemie na Uvira waliokuja kununua na kuuza waliimba hadi alfajiri, na vijana wetu waliimba nao ingawa maneno hawakuyajua. Nilichojifunza kwao ni namna walivyowataja wachezaji wao. Kila jina lilifuatwa na klabu yake, na kila klabu na mji wake, kama mtu anayetaja watoto wa ndugu zake. Trésor Mputu, aliyechaguliwa mchezaji bora wa mashindano, walimwita wa Mazembe kabla ya kumwita wa Kongo. Na mwezi Novemba TP Mazembe hao hao wakatwaa Ligi ya Mabingwa wa Afrika: walifungwa 2-1 na Heartland kule Nigeria, wakashinda 1-0 nyumbani Lubumbashi, jumla ikawa 2-2, na bao walilofunga ugenini likawabeba. Mnaweza kuyaita mambo mawili tofauti. Mimi naona ni moja, kwa sababu klabu iliyolipa wachezaji wake vizuri na kuwabakiza nyumbani ndiyo iliyolipatia taifa mchezaji bora wa fainali zile.

Hapa nasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kwetu, orodha ya wachezaji wa kocha wa Taifa Stars, Marcio Maximo, ilipotangazwa, mjadala ndani ya chama hiki haukuwa juu ya beki gani anafaa wala kiungo gani yuko fiti. Ulikuwa juu ya Simba wamepata wangapi na Yanga wamepata wangapi. Katika kikao kimoja cha Februari watu wawili waliofahamiana tangu utoto walitoka nje kutaka kupigana, na mmoja wao alisema waziwazi kwamba haendi kuangalia timu ya taifa iliyomwacha golikipa wake. Timu za taifa za nyota wa Ulaya zinaweza kustahimili mashabiki wa namna hiyo, kwa sababu nyota hao wanalelewa na watu wengine. Mchezaji wa CHAN hana mlezi mwingine. Akitoka uwanja wa taifa anarudi kwenye ligi yetu, na tukimzomea kule kwa rangi ya jezi yake, tunamzomea mchezaji wetu wa taifa. Naomba mkutano huu upitishe azimio kwamba siku ya mchezo wa Taifa Stars hakuna mwanachama atakayeingia katika banda la chama na jezi ya klabu. Najua litapingwa, na niko tayari kulitetea.

Yapo malalamiko ya haki juu ya mashindano yenyewe. Hadi mwaka huu wa 2009 FIFA haijaanza kuhesabu michezo ya CHAN katika viwango vyake vya ubora, hivyo ushindi wetu juu ya Côte d'Ivoire haukutupandisha hata hatua moja, na wapo wanaouliza ni timu ya taifa gani hii isiyohesabiwa. Naungana nao kwamba CAF wanapaswa kulidai hilo kwa nguvu. Lakini viwango si kila kitu. Ndani ya muda mfupi baada ya mashindano Ngassa aliitwa kufanya majaribio na West Ham United ya Uingereza. Hakusajiliwa, na hilo halinisumbui sana. Linalonipa moyo ni kwamba kijana anayecheza ligi yetu alipata pa kuonekana bila kwanza kuihama nchi.

Sasa nije kwenye jambo zito. Tarehe 29 Machi, wiki tatu tu baada ya fainali, katika uwanja ule ule wa Félix Houphouët-Boigny, watu wasiopungua 19 walikufa katika msongamano wakati wa mchezo wa kufuzu Kombe la Dunia kati ya Côte d'Ivoire na Malawi. Walikuwa mashabiki kama sisi, wametoka nyumbani na tiketi zao au na matumaini ya kupata tiketi. Tuliwaombea dua na sala katika kikao cha Aprili. Baada ya hapo kamati yangu ilikwenda kutazama milango ya uwanja wetu wa Lake Tanganyika siku ya mchezo mkubwa, na tulichokiona hakikutufurahisha: mlango mmoja wazi, mingine imefungwa kwa minyororo, na watu wakisukumana kwenye upenyo usiozidi mabega ya watu watatu. Tumeandika barua kwa wahusika na tunasubiri majibu. Wakati tunasubiri, vijana wetu wa kujitolea wameanza kupanga foleni za kuingia, na nawashukuru kwa moyo wote, hasa wale waliopigwa vikumbo na bado wakarudi mechi iliyofuata.

Kuhusu jezi, nakiri kosa ni langu. Tulimlipa mfanyabiashara mmoja fedha zote mapema, na mzigo ukafika wakati timu imesharejea nyumbani, huku nusu ya jezi zikiwa na rangi inayofifia kwa kufuliwa mara moja. Sehemu ya fedha imerudishwa, iliyobaki tunaifuatilia, na kuanzia sasa hakuna malipo yatakayofanywa bila saini tatu.

Fainali zijazo zitafanyika Sudan mwaka 2011, na timu zitakuwa 16. Kamati inapendekeza mambo mawili kabla ya mechi za kufuzu. La kwanza ni kununua jenereta yetu wenyewe, ambayo bei yake Mhazina ataitaja. La pili ni kutenga fungu la nauli ya treni kwa wanachama watakaokwenda Dar es Salaam kuishangilia timu katika Uwanja wa Taifa, tukianza na wazee wawili waliosikiliza Lagos kwenye redio na hawajawahi kuwaona Taifa Stars kwa macho yao. Majina yao ninayo, na nitayasoma mkutano ukiridhia.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Kigoma, Desemba 2009